Ndalu: Wito Uliopita Kiwandani, Kizuizini na Shambani

Tangu Rick Warren, mchungaji wa California, alipochapisha mwaka 2002 kitabu chake kuhusu maisha yenye kusudi, swali la "Mungu aliniumba nifanye nini?" limezoeleka katika semina za vijana, mikesha na mahubiri ya redio. Mara nyingi huulizwa kana kwamba ni siri kati ya mtu na moyo wake. Huko Ndalu swali hilo ni kongwe kuliko kitabu hicho, na tangu mwanzo lilifungamana na jembe, ardhi na jirani.

Ndalu iko eneo bunge la Tongaren, kaunti ya Bungoma, lakini mji mkubwa ulio karibu ni Kitale, makao makuu ya kaunti jirani ya Trans Nzoia. Ni nchi ya mahindi. Enzi za ukoloni ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, na Mwafrika aliishi humo kama kibarua tu. Injili iliyokuja kukita mizizi hapo ilianzia kusini zaidi, Kaimosi.

Agosti 1902, Wamarekani watatu wa Kanisa la Marafiki, yaani Wakweka, walifika Kaimosi: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Wafadhili wao walikuwa wamejiunga pamoja mjini Cleveland, Ohio, na tangu mwanzo waliita kazi hiyo misheni ya viwanda. Mpango ulikuwa kijana asome Biblia huku akijifunza kupasua mbao, kufyatua matofali, kujenga na kulima, ili awe Mkristo anayejitegemea. Kaimosi palikuwa na msitu na mto wenye maporomoko, na nguvu ya maji ndiyo iliyoendesha mashine ya kupasua mbao.

Nyuma ya mashine hiyo palikuwa na imani mahususi. Marafiki hawabatizi kwa maji wala hawashiriki mkate na divai. Wanaamini kwamba Nuru ya Kristo humfikia kila mtu bila kupitia kwa kasisi. Wito basi haukuwa wa mhubiri peke yake. Seremala alikuwa nao, na mama anayepalilia pia alikuwa nao. Wasomaji wa Biblia walikuwa na ushahidi mkononi: Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na Paulo mtume alishona mahema Korintho.

Fundisho hilo lilikuwa na upande wa pili. Fundi aliyetoka misheni alitafutwa pia na serikali ya kikoloni na walowezi, na bidii aliyohimizwa Jumapili iliweza kumtajirisha mtu mwingine Jumatatu.

Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia kwisha, Marafiki walikuwa wamevuka hadi Lugulu, katika nchi ya Wabukusu. Wamisheni wa Kikatoliki nao walifungua Kibabii mwaka 1931. Kutoka vituo hivyo, wasomaji wengi walielekea Trans Nzoia kutafuta kazi na malisho. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili apate ruhusa ya kuishi na kulima kipande chake. Katika laini za wafanyakazi, watu waliojua kusoma walianza kuendesha ibada wenyewe. Kanisa likatangulia kufika mashambani kabla ya wamisheni.

Aliyelitikisa zaidi jibu la wamisheni alikuwa Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili. Alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, akafanya kazi katika mahakama ya wenyeji, na alilelewa katika Kanisa la Marafiki hadi alipotengwa kwa kuoa mke wa pili. Masinde aliona kwamba wahubiri walimweleza Mwafrika kusudi la maisha yake huku wenzao wakikalia ardhi yake. Katika Dini ya Msambwa, dini aliyoiongoza, alimrudisha Wele, Mungu wa Wabukusu, pamoja na heshima kwa mababu. Hata hivyo hakuitupa Biblia: habari za mababa wa Agano la Kale, wenye wake wengi na mifugo, zilimfaa sana.

Serikali ilimfunga, kisha mwaka 1945 ikamweka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Aliachiwa mwaka 1947, na mwaka huohuo akawaongoza maelfu ya wafuasi hadi Chetambe, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa hapo mwaka 1895 katika vita dhidi ya jeshi la Waingereza. Tarehe 10 Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi Malakisi, na watu 11 wakafa. Dini hiyo ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu. Alirudi karibu na uhuru, lakini serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku dini yake mwaka 1968. Alifariki mwaka 1987.

Uhuru ulileta jibu ambalo si Kaimosi wala Maeni walikuwa wamelitoa: hati ya ploti. Chini ya mpango wa ekari milioni moja, ulioanza miaka ya mwanzo ya 1960 kwa fedha za Uingereza na Benki ya Dunia, mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa. Ndalu ikawa skimu ya makazi, kama Tongaren, Naitiri na Kabuyefwe. Mipaka iliyochorwa wakati wa uhuru iliiacha Kitale Bonde la Ufa, na Ndalu ikawa upande wa Magharibi.

Ardhi haikutolewa bure. Mwenye ploti alikuwa na mkopo wa miaka mingi wa kulipa, na mvua ikikosekana deni halikumsubiri. Kwa bahati nzuri, mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu chotara ya mahindi H611, na Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1956, ikaisambaza kwa wakulima. Yule aliyewahi kufundishwa kwamba kulima ni ibada sasa alikuwa na shamba lake, mbegu bora na mkopo wa kulipa. Wito wake ukapimwa kwa karo ya watoto na kwa mahindi aliyoweza kumgawia jirani.

Makanisa nayo yalikuwa yakihamia mikononi mwa wenyeji. Marafiki wa Afrika Mashariki walipata mkutano wao wa mwaka, yaani chombo chao cha uongozi, mnamo 1946, shule yao ya Kamusinga ikafunguliwa mwaka 1957, na mwaka 1973 wale wa Elgon wakajitenga na kuunda jumuiya yao. Ugomvi wa uongozi ulichangia mgawanyiko huo. Si kila aliyehubiri utumishi alikuwa tayari kutumikia chini ya mwenzake.

Jaribio kali zaidi lilikuja na mapigano ya ardhi yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 1991 na kuzitikisa Trans Nzoia na Bungoma. Walioyatenda na walioyakimbia walikuwa wamesoma Biblia ileile. Viwanja vya makanisa vilijaa wakimbizi, na Baraza la Makanisa nchini lilichapisha mwaka 1992 ripoti iliyowanyooshea kidole wanasiasa. Kwa miezi hiyo, Mkristo aliyeuliza kusudi lake alijibiwa na mtu aliyesimama mlangoni akiomba pa kulala.

Historia hii inampa mhubiri wa leo kazi nzito. Anayemwambia kijana wa Ndalu atafute kusudi lake ndani ya moyo, bila kugusa mashamba yanayozidi kukatwa vipande kila kizazi kinaporithi, anamfundisha nusu tu ya walichojua babu zake. Na muda wa kuwauliza unakwisha: aliyepewa ploti mwaka 1964 akiwa na miaka 25 sasa amepita 80. Makanisa ya Ndalu na Tongaren yafungue makabati, yahifadhi vitabu vya kumbukumbu za mikutano ya miaka ya kwanza ya skimu, na yawatume vijana wenye simu za kurekodi wakawasikilize wazee hao mwaka huu.