Mmakedonia na Mhaya

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, twasoma kwamba Paulo akiwa Troa aliona usiku mtu wa Makedonia amesimama, akimsihi avuke bahari awasaidie watu wake. Luka hatuambii Paulo alimtambuaje mtu yule kuwa Mmakedonia, nasi hupita hapo upesi kana kwamba jina hilo halina shida. Enzi za Filipo na mwanawe Aleksanda, Mmakedonia alikuwa mtu wa ufalme na askari wa mfalme wake. Zama za Paulo ufalme ule ulikwisha kutoweka. Makedonia ilikuwa jimbo la Rumi, lenye Wayunani, Wayahudi na askari wastaafu wa Kirumi. Tena, mtu wa kwanza kutajwa kuipokea habari njema huko Filipi ni Lidia, mwuza nguo za zambarau, mwenyeji wa Thiatira katika Asia! Je, alikuwa Mmakedonia kwa kuwa alikaa pale? Hata katika siku zetu Ugiriki na jamhuri iliyo jirani yake zilishindana juu ya jina hilo tangu 1991 hadi mapatano ya 2018. Mwaka 2019 jamhuri hiyo ikaanza kuitwa Makedonia Kaskazini.

Sisi tunaokaa Bilele tusiwacheke. Jina la Mhaya nalo limesafiri. Wazee wengi husimulia kwamba zamani liliwahusu hasa watu wa ufukoni, wavuvi wa ziwa letu. Mtu wa Kiziba alijiita Omuziba, wa Ihangiro alijiita Omuhangiro, na kila mmoja alimjua Mukama wake. Emin Pasha alipoweka kituo cha Wajerumani hapa Bukoba mwaka 1890, falme hizo zikaanza kukusanywa chini ya boma moja, na Waingereza wakauendeleza mpango huo. Hata hivyo si wageni peke yao waliolikuza jina. Mwaka 1924 wana wa nchi wenyewe waliunda Bukoba Bahaya Union, nao walikuwa na sababu zao: mtu mmoja mmoja hasikilizwi bomani. Mwaka 1945 kikatoka kitabu cha Cory na Hartnoll juu ya sheria za mila za Wahaya, kana kwamba falme zote zilikuwa na desturi moja. Baada ya uhuru vyeo vya Abakama viliondolewa, jina likabaki.

Karagwe nayo ilihesabiwa katika wilaya ya Bukoba. Wataalamu wa lugha hutenga Kinyambo na Kihaya, na ndugu zetu wa Karagwe husema wazi kwamba wao ni Wanyambo. Lakini wakifika Dar es Salaam huitwa Wahaya tu, wakachoka kusahihisha.

Haya yangekuwa mazungumzo ya barazani, lau jina lisingeingia mahakamani. Mwaka 1988, wilayani Muleba, mama mmoja aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Aliyenunua hakuwa wa ukoo. Mwanamume wa ukoo akashtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo, bali kuitumia tu katika uhai wake. Mahakama hiyo ikamkubalia na kuubatilisha uuzaji. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo, na shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza.

Twakumbuka jinsi wanaume wengi walivyosema kwamba mwanamke akiuza, Uhaya umekwisha. Sisi tulijiuliza ni Uhaya upi huo. Mwanamume wa ukoo alipouza kibanja kwa siri, ukoo uliweza kukikomboa kwa kurudisha fedha, wala hakuna aliyesema kwamba si Mhaya tena. Mama yule naye alizaliwa katika ukoo uleule, na baba yake ndiye aliyemwandikia wosia.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu ilitaja haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984, ikaamua kwamba mwanamke anayo haki ya kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Rufani ikatupwa, na uuzaji ukathibitishwa.