Misri katika Vitabu vya Baedeker
Karl Baedeker alifungua duka la vitabu Koblenz, Ujerumani, mwaka 1827. Alipofariki mwaka 1859, wanawe waliendeleza vitabu vyake vya kuongoza wasafiri, na mwaka 1877 wakaanza kutoa vya Misri. Watu walivisifu kwa maelezo ya piramidi na mahekalu, lakini utajiri wa vitabu hivyo hasa umo katika kurasa za mwanzo: nauli za punda, bakshishi, mikahawa, namna ya kupatana bei sokoni Cairo. Msomaji aliyebaki kwao Leipzig, Ujerumani, aliweza kuijua Misri ya kila siku; ingawa, ukweli usemwe, ilikuwa Misri ya mgeni wa hoteli. Mwenyeji alionekana akihudumia au akidai malipo, mara chache akiwa nyumbani kwake.