Mwingiliano au Uingiliaji? Seli Kubwa na Seli Ndogo katika Historia ya Simu za Mkononi

Katika kazi yetu ya kusanifu istilahi tumezoea kuulizwa ni neno lipi la Kiswahili lilinganalo na neno fulani la kigeni. Mara nyingi swali hilo halijibiki kwa kuyatazama maneno peke yake. Hapana budi kuitazama historia ya kitu chenyewe. Mfano mmoja ni neno mwingiliano, ambalo hutumiwa kila mawimbi ya kituo kimoja yanapoharibu mapokezi ya kituo kingine. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno hilo laifaa sehemu moja tu ya historia ya simu za mkononi, na kwamba sehemu ya pili yahitaji neno jingine.

Mwezi Desemba 1947, Douglas H. Ring wa maabara ya Bell nchini Marekani aliandika waraka uliopendekeza eneo la huduma ligawanywe katika maeneo madogo yenye umbo la pembe sita. Maeneo hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa seli, kila moja ikiwa na kituo chake. Shabaha ilikuwa kuyatumia masafa, ambayo ni haba, zaidi ya mara moja: yanayotumika katika seli hii yaweza kutumika tena katika seli nyingine iliyo mbali. Huduma ya biashara ilianza Tokyo mwaka 1979, na Chicago mwaka 1983.

Katika mitandao hiyo ya mwanzo, seli zilizopakana hazikupewa masafa yaleyale. Minara nayo ilikuwa na nguvu zinazokaribiana, hata seli mbili zilizotumia masafa mamoja zilipodhuriana, kila moja ilikuwa mdhuru na mdhuriwa. Kauli ya kutendana, yenye kiambishi -an-, ilistahili kabisa. Huo ulikuwa mwingiliano wa kweli.

Hali ilibadilika mahitaji ya mawasiliano yalipozidi. Kampuni zilianza kuweka vituo vidogo juu ya nguzo za taa, madukani na majumbani, ndani ya eneo lilelile la mnara mkubwa. Katika mitandao ya kizazi cha nne, iliyoanza biashara Stockholm na Oslo mwezi Desemba 2009, seli kubwa na ndogo ziliweza kutumia masafa yaleyale. Lakini nguvu zao hazilingani hata kidogo: mnara mkubwa huweza kutoa wati 40, kituo cha nguzoni wati 1, na cha nyumbani sehemu moja ya kumi ya wati.

Matokeo yake ni kwamba simu iliyo karibu na kituo kidogo yaweza kuusikia mnara wa mbali kwa nguvu zaidi, ikajiunga nao, na kituo kidogo kikakosa kazi. Mafundi wakaamuru simu zikipendelee kituo kidogo. Ndipo simu zilizo pembezoni mwa kituo hicho zikawa zasikiliza sauti ndogo huku sauti kubwa ikivuma. Hapa hakuna kutendana: mmoja adhuru, mwingine adhurika.

Dawa nayo ilifuata sura hiyo ya ugonjwa. Mwaka 2008, Toleo la 8 la viwango vya 3GPP liliziwezesha seli jirani kuarifiana juu ya masafa yenye taabu. Mwaka 2011, Toleo la 10 liliongeza mgawanyo wa muda. Muda hukatwa vipande vya milisekunde 1, na katika baadhi ya vipande seli yenye kudhuru huacha kutuma maongezi, ili ile yenye kudhurika iwahudumie watu wake wa pembezoni. Kuviita vipande hivyo vya kimya si sahihi, maana seli huendelea kutuma ishara za kuitambulisha, ambazo simu za zamani hazina budi kuzisikia. Sisi twapendekeza vipande vya kujizuia.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila mara mkubwa ndiye mkosaji. Kituo cha nyumbani chaweza kuwekwa kwa ajili ya wenye nyumba peke yao. Mgeni aliyeketi sebuleni, ambaye simu yake hairuhusiwi kujiunga nacho, hubaki kuutegemea mnara wa mbali, na kituo kidogo kilicho kando yake humzibia sauti. Hapo mdogo ndiye apaswaye kujizuia. Kwa hiyo istilahi itaje tendo, si ukubwa.

Mapendekezo yetu ni haya. Mwingiliano libaki kwa madhara ya pande mbili. Uingiliaji litumike pale madhara yaelekeapo upande mmoja. Wahusika waitwe seli idhuruyo na seli idhurikayo. Tumeepuka iingiliwayo, kwa kuwa mwalimu hataweza kulitamka darasani bila wanafunzi kucheka.

Jambo hili si la wahandisi peke yao. Kanuni iliyotafsiriwa kwa neno mwingiliano humwambia afisa kwamba pande zote mbili zina kosa, naye hataona ni nani aamriwe kujizuia. Kiambishi kimoja kikikosewa, lawama humwangukia asiyestahili. Twawaomba watafsiri na walimu wayajaribu maneno haya katika kazi zao, kisha watuletee maoni yao.