Mbu, Papasi na Hewa Mbaya: Nadharia za Ugonjwa katika Msamiati wa Ujiji

Msafiri atokaye Kigoma mjini kwenda Ujiji kwa barabara hupita Gungu, kata iliyo kati ya bandari ya reli na mji wa kale wa misafara. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, Ujiji ulianza kupoteza nafasi yake ya kibiashara. Hata hivyo, lugha ya ukanda huo wote ilikwisha kuundwa na misafara. Waha na Wajiji walikuwa wenyeji. Wamanyema walivuka ziwa kutoka magharibi. Watu wa pwani na Waarabu walikuja kutoka mashariki pamoja na wapagazi wa Kinyamwezi. Kila kundi lilifika na maradhi yake, na pia na maelezo yake kuhusu chanzo cha maradhi hayo.

Mhadhara huu unayachunguza maelezo hayo kwa kupitia majina ya magonjwa. Jina la ugonjwa aghalabu ni nadharia iliyofupishwa. Humwambia mgonjwa aogope nini, akimbilie kwa nani, na alale wapi. Katika historia ya tiba kumekuwa na mazoea ya kuzigawa nadharia hizo katika makundi mawili: upande mmoja sayansi ya vijidudu, ambayo Pasteur na Koch waliiweka juu ya msingi imara katika nusu ya pili ya karne ya 19, na upande mwingine imani zote zilizobaki. Msamiati wa Kiswahili haukubali mgawanyo huo kwa urahisi.

Tabaka moja la msamiati huo linatokana na tiba ya Kiyunani, iliyopitia kwa waganga wa Kiarabu, Ibn Sina akiwa mashuhuri miongoni mwao. Kwa mujibu wa tiba hiyo, afya ni uwiano wa majimaji manne ya mwili: damu, belghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Ugonjwa ni kuvurugika kwa mchanganyiko huo, na mchanganyiko kwa Kiarabu ni mizaj. Mswahili anayemwuliza mwenzake habari za mizaji yake anatumia istilahi ya Galen bila kujua. Anayelalamikia baridi yabisi ya magoti anataja sifa mbili za nadharia hiyohiyo, yaani ubaridi na ukavu. Belghamu ilianza kwa Wayunani, ikapita katika Kiarabu, na leo huandikwa katika fomu za maabara inapohitajika kupima kifua kikuu. Nadharia imekufa, lakini istilahi zake zimepata ajira mpya.

Safura ni mfano wenye historia ya uchungu zaidi. Neno hili kwa asili ni nyongo ya njano. David Livingstone, aliyefika Ujiji mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1869 akiwa mgonjwa taabani, alilikuta neno hilo Manyema mwaka 1870 likitumika kwa ugonjwa wa watu waliokula udongo, hasa watumwa. Leo kamusi hulieleza kuwa ni ugonjwa uletwao na minyoo inayofyonza damu katika utumbo. Kwa hiyo neno moja limebeba nadharia tatu kwa kufuatana: nyongo, udongo na mnyoo. Nadharia ya pili, kwa sehemu kubwa, iligeuza dalili kuwa chanzo, kwa kuwa hamu ya kula udongo huambatana mara nyingi na upungufu wa damu. Njia ya mnyoo ilijulikana baadaye kidogo tu: huko Cairo, mwishoni mwa karne ya 19, Arthur Looss alidondokewa mkononi na maji yenye viluwiluwi vya mnyoo huo, akagundua kwamba hupenya ngozi. Mtumwa aliyetembea peku katika njia ya msafara iliyochafuliwa na vinyesi hakuhitaji kula chochote ili augue.

Livingstone aliandika pia juu ya ugonjwa mwingine, ambao aliuona kuwa wa ajabu kuliko yote aliyoyakuta katika nchi ile. Uliwashika watu huru waliokamatwa na kufanywa watumwa. Walionekana wazima, wakasema moyo unawauma, wakaonyesha kwa kidole mahali moyo ulipo, wakafa. Yeye aliuita kuvunjika moyo. Msomaji wa leo anaweza kukisia safura, njaa, kuhara damu au vyote pamoja, na pengine akisie sawasawa. Lakini makisio hayo hayafuti ushahidi wa wagonjwa wenyewe, ambao walijua siku ambayo ugonjwa wao ulianza: ilikuwa siku waliyotiwa minyororo.

Richard Burton alikuwa amewatangulia wageni wengine wa Ulaya kufika Ujiji, mwezi Februari 1858, akiwa pamoja na John Hanning Speke. Burton alikuwa amekufa ganzi miguu kwa homa, na Speke alikuwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho. Kuhusu homa, Burton alifuata maoni ya madaktari wa zama zake: chanzo ni hewa mbaya itokayo katika vinamasi na majani yaozayo. Hiyo ndiyo maana ya neno malaria kwa Kiitaliano. Jambo la kusisimua ni kwamba alikuwa amekwisha kuambiwa maelezo mengine. Katika kitabu chake juu ya safari ya Harar, kilichochapishwa mwaka 1856, alieleza kwamba Wasomali walidai homa kali huletwa na kuumwa na mbu. Akayaita madai hayo ushirikina, na akatoa sababu: mbu na homa hutokea katika majira yaleyale, basi watu wamevichanganya.

Inafaa kuwa na insafu kwa Burton. Hoja yake ilikuwa ya kimantiki kabisa. Mambo mawili kutokea pamoja si ushahidi kwamba moja limesababisha jingine. Kosa lake lilikuwa kutotumia kipimo hicho kwa nadharia yake mwenyewe, kwa kuwa kinamasi na homa navyo vilikuwa vimeonekana pamoja tu. Alimdai Msomali ushahidi ambao daktari wa London hakuwa nao.

Miaka 40 baadaye suala hilo lilirudi likiwa katika sura ya isimu. Robert Koch, bingwa wa sayansi ya vijidudu, alikuwapo Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1897 na 1898. Katika taarifa zake za mwaka 1898 alieleza kwamba watu wa milima ya Usambara, ambako homa ilikuwa adimu, waliugua waliporudi kutoka nyanda za chini, na kwamba ugonjwa huo waliuita mbu, jina lilelile la mdudu waliyesema amewauma huko. Wakati huohuo, tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross alikuwa ameona kimelea cha malaria katika tumbo la mbu huko India. Mwaka 1898 Waitaliano, akiwamo Grassi, walithibitisha njia ya maambukizo kwa binadamu. Basi lugha ya Usambara ilikuwa na jina lililoelekeza kwenye chanzo, ilhali lugha za sayansi zilibaki, na zimebaki mpaka leo, na jina linalolaumu hewa. Isitoshe, Kiswahili chenyewe kimelikopa jina hilo lenye kosa: mama wa Gungu hampeleki mtoto zahanati kupimwa mbu, bali malaria.

Je, ina maana kwamba wenyeji walikuwa na nadharia ya vijidudu kabla ya Koch? La hasha. Walikuwa na uchunguzi makini wa mahali na majira, wakauhifadhi katika jina. Hawakuwa na njia ya kuonyesha kilichomo ndani ya mbu. Tofauti kati ya dhana na uthibitisho ni kubwa, na wanaotetea tiba za asili huirukia haraka mno, kama wapinzani wao wanavyorukia kusema kwamba kwa wenyeji hapakuwa na chochote ila uchawi.

Tofauti hiyo huonekana wazi katika kisa cha papasi. Papasi ni kupe mlaini aishiye katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu za nyumba za udongo. Hutoka usiku, hunyonya damu, hurudi mafichoni. Katika njia za misafara makazi yake makuu yalikuwa vibanda vya kulala wasafiri, vilivyotumiwa na wapagazi wapya kila usiku. Ng'ambo ya ziwa, katika Kongo ya mashariki, ugonjwa wake ulijulikana kwa jina la kimputu. Upande wa huku ni homa ya papasi. Homa hupanda kwa siku chache, hushuka kana kwamba mtu amepona, kisha hurudi. Livingstone alikwisha kuandika mwaka 1857 juu ya kupe wa namna hiyo na maradhi yafuatayo baada ya kuumwa naye.

Mwaka 1904 madaktari wawili wa Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Liverpool, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, walikuwa wakisafiri Kongo. Walikuta maelezo ya wenyeji kwamba kupe huyo ndiye aletaye homa, nao hawakuyadharau. Waliwaweka kupe juu ya nyani, wakaona vijidudu vyenye umbo la mzongo katika damu ya nyani hao. Wote wawili walishikwa na homa hiyohiyo. Todd alipona. Dutton alifariki dunia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, katika mji uleule ambao Wamanyema wengi wa Ujiji huutaja wanapoeleza asili ya wazee wao. Kijidudu hicho kikapewa jina lake. Mwaka huohuo Koch, akifanya kazi katika koloni la Wajerumani bila kutegemea utafiti wa Kongo, alionyesha kwamba papasi hukirithisha kijidudu hicho kwa kizazi chake kupitia mayai. Ndiyo maana kibanda kilichohamwa kwa muda mrefu kiliweza bado kumwambukiza mgeni wa kwanza aliyelala humo. Hapa jina la wenyeji lilitoa dhana, jaribio likatoa uthibitisho, na uthibitisho ukaeleza jambo ambalo jina peke yake lisingeweza kulieleza.

Katika malale mambo yalikuwa na utata zaidi. Ugonjwa huo ulienea ufukoni mwa Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20. Serikali ya Kijerumani, ikifuata njia iliyopendekezwa na Koch baada ya safari yake ya mwaka 1906 na 1907 katika visiwa vya Sese, ilikusanya wagonjwa kambini, ikawadunga atoksili na kufyeka vichaka. Dawa hiyo ya arseniki iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Kijidudu kilikuwa kimetambuliwa barabara, na mbung'o anayekibeba alijulikana. Kilichokosekana ni maelezo ya kwa nini ugonjwa ulilipuka wakati ule. Baadaye John Ford, mwaka 1971, na Helge Kjekshus, mwaka 1977, walidai kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa zimemdhibiti mbung'o kwa kilimo, mifugo na makazi ya pamoja, mpaka sotoka ya miaka ya 1890, ndui, njaa na vita vya ukoloni vilipoiachia pori ardhi yao. Wanahistoria wengine wameona picha hiyo ya kale imepambwa kupita kiasi, na wana haki. Hata hivyo, swali la Ford halijibiwi kwa darubini. Katika nchi ya Waha Waingereza nao walihamisha watu na kuwakusanya katika makazi ya kuepuka malale, hatua ambayo yenyewe inakiri kwamba ardhi na watu ni sehemu ya ugonjwa.

Sayansi ilipohitaji jina la Kiswahili la viumbe wake, ilichukua neno lililokuwapo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaonyesha kwamba mdudu halikuwa jina la kiumbe tu. Lilikuwa pia jina la maradhi yaliyodhaniwa kuletwa na mdudu, kama vile uvimbe wa kidole. Kijidudu, chenye udogo uliotiwa mara mbili, ki- na ji-, kiliingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa. Pengine hii ni sababu mojawapo ya nadharia hiyo kukubalika kwa urahisi katika mazungumzo ya kila siku.

Lakini majina hupotosha pia, na gharama yake si ya kitaaluma tu. Degedege, mtukutiko wa mtoto mwenye homa kali, limeunganishwa na dege, ndege au nondo wa usiku aliyeaminiwa kuwadhuru watoto wachanga. Utafiti uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliitenga degedege na malaria, wakaamini kuwa sindano itamwua mtoto, na kwa hiyo wakaanzia kwa mganga. Mara nyingi mtoto huyo ana malaria iliyopanda kichwani, na saa chache huamua uhai wake. Katika upimaji wa kitaifa wa mwaka 2017, mkoa wa Kigoma ulikuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini: takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea vya malaria.

Kipindupindu, kwa jina lake, hakidai chanzo chochote. Mzizi wake unaeleza tu jinsi mwili unavyopindwa na maumivu. James Christie, daktari aliyekuwa Unguja wakati wa janga la mwaka 1869 na 1870, alilifuatilia katika kitabu chake cha mwaka 1876 kwa kupitia njia za misafara na za majahazi, miaka kadhaa kabla Koch hajakionyesha kijidudu chake. Mwaka 1892 Max von Pettenkofer wa Munich, aliyeshikilia kwamba kijidudu pasipo hali ya ardhi hakitoshi, alikunywa mchuzi wenye vijidudu hivyo mbele ya mashahidi, akapata kuharisha kidogo tu. Alikosea kuhusu ardhi.

Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kaskazini mwa Kigoma. Hapakuwa na vyoo vya kuwatosha, na maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa. Kufikia tarehe 20 ya mwezi huo walikuwa wameugua watu wapatao 3,000 na kufa zaidi ya 30. Kijidudu cha Koch kilikuwamo majini. Kilichowaleta watu wale kwenye maji hayo kilianzia Bujumbura mwezi Aprili. Wahudumu wa afya walitibu maji, wakachimba vyoo, wakagawa chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini. Meli ya Liemba, iliyoshushwa ziwani mara ya kwanza mwaka 1915, iliwachukua watu kwa mafungu mpaka Kigoma, wakapumzishwa katika uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, na idadi ya wagonjwa wapya ikaanza kupungua.