Jamaa ya kikristo na pombe katika bustani za burudani

Ndugu zetu wengi waliotoka Kivu, Ituri, Maniema na Katanga na kupokelewa Marekani kama wakimbizi, leo wana kazi, wana gari, na wana watoto waliozaliwa huko. Shule zinapofungwa, watoto huomba kupelekwa kumwona Mickey Mouse. Wazazi huweka akiba kidogo kidogo, kisha jamaa nzima husafiri hadi Orlando katika Florida, au Anaheim katika California. Huko wanakutana na swali ambalo hawakulitazamia: mahali hapa pa watoto, bia na divai zinauzwa. Mzazi mkristo afanye nini?

Swali hili tumeulizwa mara kwa mara, na ndugu walioko Ulaya wanaliuliza vilevile. Tunalijibu hapa kwa utaratibu, ili makanisa yaweze kulitumia katika mafundisho ya jamaa.

Pombe iliingiaje mahali pa watoto

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Walt Disney alipofungua Disneyland kule Anaheim mwaka 1955, hakutaka pombe iuzwe kwa wageni. Magic Kingdom, iliyofunguliwa karibu na Orlando mwaka 1971, ilifuata kanuni hiyohiyo. Lakini mwaka 1982 EPCOT ilifunguliwa jirani yake, na humo vinywaji vya pombe viliuzwa. Mwaka 2012 mgahawa mmoja ndani ya Magic Kingdom ulianza kutoa bia na divai wakati wa chakula cha jioni, na kufikia mwaka 2018 migahawa yote ya humo ambamo mgeni hukaa mezani na kuhudumiwa ilikuwa imeruhusiwa. Disneyland yenyewe, iliyokuwa na klabu moja tu ya wanachama yenye pombe, ilifungua baa kwa wageni wote mwaka 2019.

Kule Ufaransa badiliko lilikuja haraka zaidi. Bustani ya Disney karibu na Paris ilifunguliwa mwaka 1992 bila divai. Wafaransa walinung'unika, na mwaka uliofuata divai ikawekwa mezani. Na kuna bustani iliyozaliwa na pombe kabisa: Busch Gardens ya Tampa, katika Florida, ilifunguliwa mwaka 1959 kando ya kiwanda cha bia cha Anheuser-Busch, na kwa miaka mingi wageni walipewa bia bure.

Kwa hiyo mzazi asifikiri kwamba, kwa kuwa mahali pamejengwa kwa ajili ya watoto, hakuna jaribu. EPCOT ina mabanda ya nchi 11, na Moroko ndiyo peke yake kutoka Afrika. Wageni wengi wamejizoeza kuzunguka mabanda hayo yote wakinywa glasi moja katika kila nchi. Wanauita mchezo huo kunywa kuzunguka dunia, nao hufanyika mchana, kati ya watoto wanaosukumwa katika vigari vyao.

Sheria na mwili

Katika Marekani umri wa kununua pombe ni miaka 21. Katika Florida aliye chini ya umri huo haruhusiwi hata kuwa na kinywaji cha pombe mkononi. Baba aliyezoea kwetu kumwonjesha kijana wake kasiksi kwenye arusi ajue kwamba kule jambo hilo linaweza kumpeleka mbele ya polisi.

La pili ni gari. Wageni wengi hufika kwa gari lao, na jioni lazima mtu awarudishe watoto hotelini. Sheria ya Florida inamhesabu dereva kuwa na kosa pombe ikifikia gramu 0.08 katika mililita 100 za damu, na adhabu huongezeka ikiwa ndani ya gari kuna mtoto aliye chini ya miaka 18. Kwa ndugu asiyepata bado uraia, hukumu ya namna hiyo inaweza kuharibu faili aliyoingojea kwa miaka mingi. Glasi ya saa moja imewaletea watu shida ya miaka kumi.

La tatu ni mwili wenyewe. Ini huondoa kiasi cha glasi moja kwa saa, wala kahawa haiharakishi kazi hiyo. Pombe hukausha maji ya mwili, na jua la Florida nalo huyakausha. Katika umati wa maelfu mtoto hupotea kwa dakika moja tu, na anayemtafuta anahitaji akili nzima. Tena, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa hakina hatari kwa afya.

Neno la Mungu

Tuseme ukweli: Biblia haisemi kwamba kila tone la divai ni zambi. Bwana Yesu aligeuza maji kuwa divai kule Kana, na Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Ndiyo sababu makanisa ya kiprotestanti hayana kanuni moja: mengine yanakataza kabisa, mengine yanakataza ulevi tu. Lakini yote yanakubali Waefeso 5:18, inayokataza kulewa, na Waroma 14:21, inayotufundisha kuacha hata kilicho halali kikimkwaza ndugu. Na ndugu mdogo kuliko wote katika safari hii ni mtoto wako mwenyewe. Ulevi wa kwanza katika Biblia, ule wa Noa katika Mwanzo 9, ulitokea ndani ya hema ya baba, na watoto ndio walioukuta.

Kuna sura moja inayowagusa hasa wakimbizi, nayo ni Yeremia 35. Warekabi walikuwa watu wa kukaa katika hema. Majeshi ya Nebukadneza yalipokuja, walikimbilia Yerusalema, mji usiokuwa wao. Yeremia aliwaingiza katika chumba cha nyumba ya Bwana akawawekea mabakuli ya divai. Walikataa, kwa sababu babu yao Yonadabu aliwaagiza wasinywe. Mungu hakusifu ukavu wa midomo yao. Alisifu utii wao, uliodumu hata walipokuwa wageni, hata kinywaji kilipotolewa mahali pa heshima na mtu wa heshima.

Wakristo hatufungwi na agizo la Yonadabu. Lakini mfano unasimama: agizo la jamaa lilihama pamoja na jamaa. Mzazi asiyekunywa nyumbani kwa sababu ya watoto, kisha akanywa Orlando kwa sababu ni likizo, anawafundisha watoto kwamba imani ni ya mtaa, na kwamba mbali na macho ya kanisa mtu yuko huru nayo. Miaka michache baadaye kijana huyo atakwenda kuishi chuoni, mbali na macho ya wazazi, na atalikumbuka fundisho hilo.

Mashauri yetu

Baba na mama wakubaliane kabla ya kufunga mizigo, si mbele ya mhudumu wa mgahawa. Wawaambie watoto kwa maneno mepesi, ili wasione jambo la kufichwa. Ikiwa mnasafiri na jamaa nyingine, waelezeni mapema bila kuwahukumu. Anayekataa kwa upole hukasirisha watu wachache. Ambaye dhamiri yake na kanisa lake vinamruhusu, asiwe dereva wala mlinzi wa watoto saa hiyo, na mwenzake asiyekunywa awe karibu. Ambaye aliwahi kufungwa na pombe na Bwana akamfungua, asijipime kule; achague siku na sehemu za bustani ambapo jaribu ni dogo, na amwambie ndugu mmoja ampigie simu kila jioni.

Wachungaji nao wasingoje habari mbaya. Juma la mwisho kabla ya shule kufungwa, waite wazazi wanaosafiri, soma nao Yeremia 35, na uwaombee njia njema kwa majina yao na ya watoto wao.