Trigonometria: kutafuta upande usiojulikana wa pembetatu mraba

Trigonometria ni tawi la hesabu lihusulo nisba zilizopo baina ya pembe za pembetatu na pande zake. Na katika pembetatu mraba, yaani ile yenye pembe moja ya nyuzi 90, fadhila yake kubwa ni kwamba mtu aujuaye upande mmoja, pamoja na pembe moja katika zile mbili zilizosalia, aweza kuujua urefu wa upande asioweza kuufikia kwa miguu.

Mjini Nakuru haja hiyo yaonekana kwa macho. Tangu miaka ya 2010 maji ya ziwa la Nakuru yamepanda hata yakalifunika lango kuu la zamani la mbuga ya wanyama ya hapo na sehemu ya msitu wa migunga uliokuwa ufuoni, na miti mikavu ikabaki imesimama majini, mahali pasipofika utepe wa kupimia. Atakaye kujua mti mmojawapo uko umbali gani, na asimame ukingoni kuukabili, achomeke kigingi, kisha apime mita 200 kufuata ufuo, kwa mstari ufanyao pembe mraba na ule uelekeao mtini. Afikapo mwisho achomeke kigingi cha pili, na papo apime pembe iliyo baina ya kigingi cha kwanza na mti. Tuseme amepata nyuzi 62.

Kabla ya kushika kalamu sharti azipe pande majina, maana wanafunzi wengi hukosea hapa, wala si katika kuzidisha. Majina hutoka kwenye pembe iliyopimwa: upande unaoitazama ni wa mkabala, ule unaoigusa ni wa jirani, na mrefu kuliko yote, uukabilio pembe mraba, ni hipotenusi. Mkabala ukigawanywa kwa hipotenusi hupatikana saini. Jirani kwa hipotenusi, kosaini. Mkabala kwa jirani, tanjenti. Maadamu hapa jirani ni mita 200 na kinachotafutwa ni mkabala, tanjenti ndiyo ifaayo: 200 mara 1.8807, takriban mita 376. Umbali kutoka kigingi cha pili hadi mtini, ambao ni hipotenusi, ni 200 kugawanya kwa 0.4695, yaani mita 426.

Jina la saini lina safari ndefu. Wahindi waliiita jya, upote wa upinde; Waarabu wakalitamka jiba, nalo kwa kuandikwa bila irabu likaja kusomwa jayb, uwazi wa nguo kifuani, na wafasiri wa karne ya 12 wakaligeuza kwa Kilatini kuwa sinus. Tanjenti nayo Waarabu waliiita kivuli, kwa kuwa ilitokana na kupima vivuli vya vijiti juani.

Mpimaji na ajihadhari na pembe kubwa. Akikosea uzi mmoja tu, akasoma 63 badala ya 62, mti utasogea mita 16. Kwa hiyo msingi wa ufuoni, yaani mstari wa baina ya vigingi viwili, hufaa zaidi ukikaribia kulingana na umbali wenyewe, pembe iwe karibu na nyuzi 45, ambapo kosa hilo hudhuru kidogo kuliko penginepo pote.