Mwezi, Kusi na Karabai

Watu wa pwani tumezoea kuusoma mwezi katika maji. Unapoandama na unapopevuka tunangoja bamvua. Katikati yake tunayajua maji mafu. Ziwa Tanganyika halina kupwa wala kujaa kwa kuonekana, na hata hivyo wavuvi wake wameishi daima chini ya amri ya mwezi. Kule mwezi hautawali kwa kuvuta maji, hutawala kwa nuru yake.

Anayetaka kuielewa historia hiyo na aanzie mbali na ufuo, huko Chanji, mjini Sumbawanga. Uwanda wa Ufipa ni nchi ya baridi, ya mahindi na ulezi, nalo ziwa liko chini yake kwa kadiri ya mita elfu moja. Dagaa na migebuka wakavu hupanda kutoka Kasanga, Kipili na Kirando. Unga na maharage huteremka. Livingstone alipoifikia ncha ya kusini mwaka 1867 aliisikia ikiitwa Liemba, jina lililokuja kupewa meli ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916, ikaopolewa, na kurudi safarini mwaka 1927.

Dagaa hufuata nuru, na migebuka na sangara humfuata dagaa. Wazee waliijua siri hiyo: waliwasha moto wa kuni au matete juu ya mtumbwi usiku wa giza, wakachota samaki kwa lusenga, wavu wa mpini mrefu. Mbalamwezi ikitanda, nuru ya moto ilimezwa na nuru ya mbingu, dagaa wakatawanyika, nao wavuvi wakalala. Kwa hiyo kila mwezi ziwa lilipata siku kadhaa za mapumziko ambazo hakuna mfalme aliyezitangaza.

Katika miaka ya 1950 ikaja karabai, na pamoja nayo nyavu kubwa: za kuzungushia, na zile zinazoinuliwa kati ya mitumbwi miwili iliyoungwa. Kwenye maji ya kaskazini, meli za kibiashara zilipovua kwa nguvu, sangara wakubwa ndio waliotangulia kupungua. Siku hizi taa za betri na za jua zimechukua nafasi ya karabai. Mwezi mpevu ungali unawarudisha wengi ufukweni, lakini kila usiku wa giza sasa hubeba mavuno makubwa kuliko ya zamani.

Tena kuna kusi. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na sehemu kubwa ya maji yake ya chini haina hewa wala samaki. Pepo za kusi, kati ya Mei na Septemba, huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na huku kusini rutuba ya chini ikapanda. Hiyo ndiyo riziki ya dagaa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kadiri ziwa linavyopata joto, maji yake huchanganyika kwa shida zaidi na chakula cha samaki hupungua. Taa peke yake, basi, haiwezi kubeba lawama yote.

Walimwengu wengine wamepitia njia hii. Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, trauti wa ziwa, samaki wa vilindi vya baridi, alikaribia kutoweka kufikia miaka ya 1950 kwa kuvuliwa kupita kiasi na kwa mdudu-samaki mfyonza damu aliyeingia kutoka baharini. Marekani na Kanada ziliunda tume ya pamoja mwaka 1955. Katika Ziwa Superior trauti amerudi, lakini baada ya miongo mingi ya subira.

Nchi nne za Tanganyika, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilitia saini mkataba wao mwaka 2003. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani, katika miezi ileile ya kusi. Miezi mitatu ni mirefu kwa mvuvi asiye na shamba, na kwa mama wa Chanji mwenye kununua dagaa kwa kikombe. Maumivu yao ni ya haki kuhesabiwa. Lakini mapumziko yaliyokuwa yakitolewa bure na mwezi, sasa binadamu hana budi kuyalipia mwenyewe.